Mshale Kwenye Moja

Tangu milango ya nyumba ilipoanza kutii saa za ukutani, hakuna aliyethubutu kugusa mishale isipokuwa fundi wa karakana iliyoruhusiwa. Kila jioni mshale mfupi ukifika kwenye saba, yaani saa moja usiku, mlango hujifunga. Atakayekutwa nje huchukuliwa na gari la doria, na waliochukuliwa hawajarudi.

Saa ya Mwanakheri ilikuwa ikipoteza majira, akaipeleka kusafishwa. Fundi mpya, aliyezaliwa na kusomea ng'ambo, aliirudisha mwenyewe asubuhi, akaitundika, akauliza ni saa ngapi.

"Saa nne," alijibu Mwanakheri huku akikuna nazi.

Fundi akauweka mshale kwenye nne badala ya kumi, akapiga lakiri ya chuma ili mishale isiguswe tena, akaenda zake.

Saa saba mchana mlango ukajifunga kwa kishindo. Mwanakheri aliusukuma, akaupiga mateke, kisha akapiga simu karakana.

"Lakiri haifunguliwi kwa simu, mama. Ilete saa kesho."

"Nitailetaje nami nimefungiwa?"

Simu ikakatwa.

Jua lilipozama, binti yake Saumu, aliyetoka shule, alikuwa ameketi kizingitini upande wa nje. Majirani hawakuweza kumpokea, maana kila mlango huhesabu watu wake.

"Mama, saa ngapi sasa?"

Mwanakheri aliinua macho. Mshale ulikuwa kwenye moja kabisa, kama mdomo unavyotamka.

"Bado mapema, mwanangu," alisema.

Nje, milango ya mtaa ikaanza kujifunga, mmoja baada ya mwingine.