Kanga Alivyofuta Kauli

Kanga alikuwa hodari wa kutaga, na hodari zaidi wa kusahau alikotagia. Masika yalipoisha na kiota chake kikawa kitupu, hakujisumbua kufikiri. Alipanda juu ya kichuguu akamtangaza Kicheche porini kote kuwa ni mwizi, mla mayai, na atakayemwona amfukuze. Wakamfukuza kweli, hata mtoni alipokwenda kunywa maji.

Siku moja Kanga akamkuta Kwale akichakura na vifaranga wake. Mmoja alikuwa mrefu kuliko wenzake, na alilia kama kanga.

"Kumbe mwizi ni wewe," Kanga alisema.

"Mwizi huchukua, dada," Kwale alimjibu taratibu. "Wewe ulikuja mwenyewe siku ya mvua kubwa, ukataga kwangu, ukaenda zako. Mimi nimelikalia tu yai lisipoe."

Kanga akaikumbuka mvua ile. Akampapasa mtoto kwa mdomo, kisha akaenda moja kwa moja hadi shimoni kwa Kicheche.

"Kaka, nilikuita mwizi, na yai hukulichukua. Nisamehe. Wote niliowaambia nitawapitia niwaeleze."

"Nimeitwa mwizi tangu sijaota meno," Kicheche alisema, "na mara nyingi ni kweli. Lakini hakuna aliyewahi kurudi akalifuta hilo neno."

Jioni, njaa ikimuuma, Kicheche alipita karibu na kiota cha Kwale. Akakizunguka kwa mbali, akinyata, asije akawaamsha watoto.