Aliyempinga Nahodha Nzuki

Were alisimama mara ya tatu kumpinga Nzuki, na safari hii hakuna aliyejisumbua kumwambia aketi.

Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa 2005. Mashabiki wa Kirichwa Rangers, tawi la Westlands, walikuwa wamejazana katika chumba cha juu cha hoteli moja nyuma ya soko. Chai ilikuwa imepoa vikombeni. Timu ilikuwa ikiburuza mkia ligini, meneja mkuu alikuwa amejiuzulu, na tawi lilitakiwa kupeleka jina la mtu wa kushika nafasi yake. Karibu wote walimtaka Nzuki, nahodha wa zamani.

"Amezeeka," Were akasema.

"Si mko rika moja?" akauliza Muigai, mwenyekiti wa tawi. "Na wewe bado unapanda ngazi kuja kutupigia kelele."

Watu wakacheka. Were hakucheka. Magoti yalikuwa yakimuuma, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni ila ile chai.

"Kazi ya meneja mkuu si kupiga mpira," akaendelea. "Ni mikutano, ni kusajili wachezaji, ni kuvutana na wakubwa wa ligi. Nzuki hajawahi kukaa ofisini."

"Mimi nilikutana na yeye kwa maduka ya Sarit mwezi jana, akiwa na bibi yake," akadakia Ivyne, katibu wa tawi, msichana aliyezaliwa Nzuki akiwa ameshatundika daluga. "Akanishika mkono, akanihadithia ile fainali yao yote. Nani alipiga krosi, nani aliteleza, refa alikuwa nani. Mzee Were, mtu ako na kichwa kama hiyo, ofisi itamshinda aje?"

Wakapiga makofi. Were akainamia meza.

Alijua wanachokiwaza. Hakuna shabiki wa Rangers ambaye hakuwa amesikia kile kisa: Were ndiye aliyekuwa nahodha, kisha kocha akamvua kitambaa akampa Nzuki, kijana aliyekuwa ametoka Machakos juzijuzi, na Were akamaliza msimu mzima bila kumsemesha. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini kisa kile walikuwa bado wanakisimulia kama cha jana.

"Mkewe aliwaambia kwa simu kwamba hataki," Were akasema.

"Mkewe ndiye hataki," Muigai akajibu. "Hata wangu hataki nikuje hapa. Sisi tunataka kusikia kutoka kwa mwenyewe. Kesho jioni watu watatu waende kwake Kileleshwa, wakae naye, wamwombe. Akikataa, basi, amekataa."

"Msiende."

Lilimtoka kwa ukali kuliko alivyokusudia.

"Kwa nini tusiende?" Ivyne akauliza.

Were akawatazama. Wengine walikuwa watoto wa watu aliocheza nao. Wengine walizoea kumwinukia kiti kila alipoingia. Alichoka ghafla, kama mchezaji anayeambiwa kwamba bado kuna muda wa nyongeza.

"Kwa sababu hiyo kazi naitaka mimi," akasema.

Mtu mmoja huko nyuma akapiga mluzi mdogo. Ivyne akaweka kalamu yake chini.

"Si ungesema tangu mwanzo," Muigai akasema polepole. "Muda huu wote unamchafua mwenzako, kumbe ni kiti unataka."

"Nakitaka. Na mkimpeleka Nzuki, nitazunguka kila tawi nikimpinga. Tutaenda hivyo mpaka ligi iishe."

"Mzee, hiyo ni roho mbaya," Ivyne akasema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyefiwa, na hilo ndilo lililomchoma Were zaidi.

Wakanong'onezana pale mezani. Mwishowe Muigai akainuka. Tawi haliwezi kupasuka kwa ajili ya wazee wawili, akasema, na timu yenyewe inakaribia kushuka daraja. Majina yote mawili yaondolewe, atafutwe mtu mwingine. Hakuna haja tena ya kwenda Kileleshwa.

"Na wewe, mzee, pumzika kidogo," akaongeza. "Mechi ya Jumamosi usikuje. Vijana wamekasirika."

Were akaitikia kwa kichwa, akachukua koti lake. Hakuna aliyempisha, ikabidi apenye kiubavu baina ya viti mpaka mlangoni.

Akaenda kwa miguu. Alivuka Waiyaki Way, akateremka Riverside, akapanda upande wa Kileleshwa akipumzika kila alipopata ukuta wa kuegemea. Honi za magari zilimpita bila yeye kugeuka. Alijaribu kufikiria atakuwa akifanya nini siku za Jumamosi kuanzia sasa, akaona afadhali asifikirie.

Mbithe, mkewe Nzuki, alifungua mlango kabla Were hajamaliza kubisha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Watakuja, shemeji?"

"Hawaji."

Mbithe akaegemea ukuta wa korido, akashusha pumzi ndefu.

"Uliwaambia nini?"

"Nimewaambia tu. Yuko wapi?"

"Yuko sebuleni. Amekuulizia siku nzima."

Nzuki alikuwa ameketi karibu na dirisha, amenyolewa ndevu vizuri, shati limepigwa pasi. Alipomwona Were akiingia aliinuka kwa heshima, akampa mkono.

"Karibu, mzee," akasema. "Kama ni Were unamtafuta, keti umngoje. Bado yuko mazoezini."