Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Yule mwanamume alikuwa amekaa tena kiti cha nyuma, koti limefungwa vifungo vyote, mikono mitupu. Hakuandika hata neno. Alimtazama mhadhiri, akawatazama wanafunzi, akamrudia mhadhiri.

Mhadhiri, mama wa watu, akapoteza mtiririko wa sentensi yake. Mkataba wake wa muda ulikuwa unaisha pamoja na muhula, na tangu afiwe na mumewe, mkataba huo ndio uliowalisha mapacha wake. Tena mkuu wa idara, mtu wa kumtania kila wakikutana ngazini, siku hizi akimwona tu anakumbuka ghafla jambo aliloliacha ofisini.

"Hivi yule ni nani?" alimuuliza katibu wa idara.

Katibu akajitia kutafuta stepla. "Mimi sijui kitu, dada yangu. Wewe fundisha tu."

Fundisha tu! Hapo akajua. Jamaa ametumwa kumchunguza, apatikane na kosa, aonyeshwe mlango.

Basi akajifunga kibwebwe. Wenzake waliingia darasani wakijikokota. Yeye alifika mfagiaji hajamaliza kazi. Insha alizokuwa akisahihisha jikoni, mwiko mkono mmoja, sasa alizisahihisha mezani na kuziandikia maelezo marefu.

Siku moja mgeni akamfuata ofisini.

"Wale wapiga soga wa kona ya kulia unawanyamazishaje?"

"Nawapa mada wawafundishe wenzao. Kaa, nikuonyeshe."

Akamwonyesha kila kitu: mpango wa somo, mahali wanafunzi wanapokwama, mifano aliyoitunga mwenyewe kwa miaka, mitihani yote iliyopita. Asije akasema nimemficha kitu, aliwaza. Akamnakilia yote kwenye flashi, na chai akammiminia. Hakumpenda hata kidogo, lakini alimwongezea sukari.

"Uko vizuri sana, mwalimu," mgeni alisema akiitia flashi mfukoni. "Nitamwambia mkuu."

Alirudi nyumbani mwepesi. Akawaambia mapacha wasiwe na wasiwasi, hawahami ile nyumba. Wakarukaruka kitandani mpaka akawafokea, naye huku anacheka.

Muhula ulipokwisha, alimkuta mgeni anamsubiri mlangoni mwa ofisi. Safari hii koti lilikuwa wazi, na uso umechangamka.

"Mwalimu, sijui nikushukuru vipi. Somo lenyewe sijawahi kulifundisha. Nilimwambia mkuu waziwazi sitaliweza, akasema nikufuate wewe kwanza. Watu wengine wakiondoka huficha hata chaki, lakini wewe umenipa kila kitu."

Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mkuu ameniambia umeomba mwenyewe kuacha kazi. Unahamia chuo gani?"