Salamu Kabla ya Taa

Siku hizi kila Jumapili jioni bustani ya mtaa wetu hujaa. Mtu ambaye hakuna jirani aliyemsalimu wala kumwitikia mpaka taa ziwake, hubebwa na gari jeupe, na nyumbani kwake hawaulizi amepelekwa wapi. Salamu za ndugu hazihesabiwi.

Mimi hupata nyingi, kwa sababu nawasuka wengi. Niliyekuwa namwogopea ni mama. Ana mdomo, na wiki hiyo aligombana na mtaa mzima kwa ajili ya zamu ya bomba.

"Zawena, hujambo mwanangu? Utanisuka lini?" aliniuliza Mama Hidaya, akimpita mama kama anapita benchi tupu.

"Shikamoo. Mama yangu huyu hapa."

"Namwona. Si alisema hataki salamu za wachawi?"

Mama alicheka. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya bembea. Akaanza kuwasalimu wapitaji mmoja mmoja, na kila mmoja akageuza shingo.

Mwishowe alipiga magoti kwenye mchanga, mbele ya Hidaya, mtoto ambaye hata shule hajaanza.

"Shikamoo, Hidaya," alisema mama yangu.

Mtoto akacheka. Alifungua kinywa aitikie, lakini Mama Hidaya alishafika mbio, akamziba kwa kiganja.

Taa zikawaka zote pamoja. Nilimshika mama mkono, nikaukaza. Watu waliendelea kupita wakinisalimu mimi.