Maziwa ya Kupimwa

Mrija ulizama ndani ya bilauri mpaka ikabaki ncha tu.

"Umeona, Mama? Haya ni maji ya bomba." Binti alikuwa ameziba mrija kwa udongo upande wa chini ili usimame wima. "Kwenye maziwa utakaa juu zaidi, maana maziwa ni mazito kuliko maji. Ukiyatia maji, unashuka. Kesho mwalimu wa sayansi anataka maziwa tuyapime."

Mama aliacha kusugua ndoo. "Maziwa ya nani?"

"Ya kwetu, jamani! Muuza maziwa ni wewe, halafu mimi nikaombe kwa jirani?"

Mtaani binti huyo walimwita Profesa. Mama yake aliishia darasa la saba, lakini habari ya mrija aliielewa upesi kuliko alivyotaka. Ng'ombe wao mmoja alikuwa na mimba, maziwa yamepungua, na wateja ni walewale. Kila alfajiri, Profesa akiwa bado amelala, ndoo ilipata kata tatu za maji. Ya kuchemsha, lakini. Alikuwa amesoma kwenye daftari la mtoto kwamba moto unaua vijidudu, na hilo lilimpa usingizi. Mzazi akianza jambo la namna hii hujiambia ni la siku mbili tatu tu, mpaka ng'ombe azae.

Asubuhi alikamua Profesa akimwangalia, akajaza chupa ya shule hata povu halijatulia.

"Shika vizuri. Usimwonjeshe mtu."

"Mbona leo una haraka hivyo?"

"Nenda, mwanangu, utachelewa."

Profesa alipotoka tu, watoto wa wateja wakaanza kugonga geti. Walikuwa wengi kuliko siku nyingine, wote na sare, kila mmoja na kichupa chake.

"Leo mama zenu wameamka na hamu ya chai?" aliwatania.

Ndoo haikutosha foleni ile. Akatia zile kata tatu za kila siku, akaongeza mbili juu yake, kisha moja tena, akawapimia wote. Hakuna aliyerudi mikono mitupu.

Siku hiyo hakukukalika. Aliosha ndoo mara mbili. Alifagia pale alipokwisha kufagia. Akaapa kimoyomoyo kwamba chupa ile ikipita salama, maji hayaingii tena kwenye maziwa yake mpaka anakufa.

Saa tisa Profesa aliingia mbio, kola imepinda.

"Mama, yangu yamekuwa ya kwanza! Mrija umekaa juu kabisa. Mwalimu kasema, haya ndiyo maziwa!"

Mama akajishusha polepole juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mungu mkubwa," alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wenzangu kumi na wanne mirija yao imezama. Mwalimu kasema wameyanywa njiani, wakajazia bombani. Wiki nzima watafyeka uwanja. Na wanalia kweli, eti waliyanunua kwako yakiwa hivyohivyo." Profesa aliinama kuvua viatu. "Usijali, Mama. Nimesimama mbele ya darasa zima nikaapa kwamba nimekuona kwa macho yangu ukikamua, na wote ni waongo."