Siri ya Pilau ya Mama Mkwe

Blogu ya mapishi ya Shemsa ilikuwa na msomaji mmoja tu wa uhakika: mumewe, naye mpaka aulizwe kama kasoma. Safari hii Shemsa akaamua kutumia akili. Akaandika: "Siri ya Pilau ya Mama Mkwe Wangu Yafichuka!"

Kufika adhuhuri, wasomaji walikuwa wamemiminika kwenye blogu. Kabla hajamaliza kufurahi, Bi Salha, mama mkwe mwenyewe, akaingia na mwiko mkononi, ule ambao hata kwenye harusi haruhusu mtu auguse.

"Shikamoo, mama. Naifuta sasa hivi!"

"Ufute nini? Umeandika eti natia nyanya. Nyanya, mimi! Mtaa mzima unanicheka. Lete hiyo simu."

Shemsa akampa. Bi Salha akakaa, akavaa miwani, akaanza kuwajibu wasomaji mmoja mmoja.

"Huyu anasema pilau yake inaishinda yangu. Nani huyu?"

"Simjui, mama."

"Mimi atanijua. Hebu nishikie."

Akamkabidhi mwiko bila hata kumtazama. Shemsa akabaki kasimama, kaubeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga wa watu, huku simu ikilia tena na tena.