Theluji ya Mwezi wa Saba

Bulonza alikunja kitenge cheusi, akakiweka chini kabisa ya mfuko, juu yake akapanga mikate na chupa ya maji. Asubuhi nzima hakulia. Mikono ilifanya kazi, yeye mwenyewe hakuwemo.

Mchungaji Mutware alikuwa amempigia simu kutoka Buffalo, mji walikoishi watoto wao. Birindwa, mtoto wa Précieuse, amekufa mlimani, kwenye theluji. "Mlete mama yake. Usimwambie kitu. Sema tu kuna maombi ya wamama."

"Na Aloisi wangu?"

"Aloisi mzima, mama. Hakuumia hata ukucha. Wewe mlete tu mwenzako."

Kwao, tangu Bukavu, mama haambiwi msiba kwa simu. Anadanganywa njia nzima, analishwa, mpaka afike penye watu na godoro lililotandikwa chini kwa ajili yake. Hapo ndipo anaambiwa.

Gasore, shemasi wa kanisa, alimchukua kwake, mtaa wa Highview, kwa gari lake, wakampitia Précieuse mtaa wa Okolona. Précieuse hakuuliza ni maombi gani. Alipanda nyuma na mfuko mkubwa, akakaa karibu sana na Bulonza.

"Dada, umeamkaje?"

"Nimeamka tu, dada."

Siku zote waliitana Mama Birindwa, Mama Aloisi. Leo Bulonza hakuweza kulitamka jina la mwenzake.

Alikuwa bado anawaza namna ya kuchukua simu ya mwenzake, asije akaona kitu Facebook, Précieuse mwenyewe akaokota simu zote mbili, akazizima, akazitia mfukoni mwake.

"Bon, leo tupumzike na hizi simu."

Bulonza akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Njiani ilikuwa mahindi tu, huku na huku. Jua kali. Nani afe kwa theluji siku kama hii?

Wale vijana wawili walikaa nyumba moja North Buffalo. Huko ndiko walikojifunza kuteleza kwenye theluji kwa ubao. Baridi ilipoisha hawakuridhika. Kiangazi walikwenda milima ya magharibi, wakapanda kwa miguu nusu siku, mbao mgongoni, kufuata theluji iliyobaki kwenye makorongo ya juu. Mwaka jana Aloisi alituma video, kavaa fulana, nyuma yake kweupe.

"Buffalo mnalia baridi, donc mwezi wa saba mnaipandia mlima?" Précieuse aliwauliza kwa simu. Wakajibu kwa Kiingereza, wakicheka.

Na wamama wakacheka. Mzazi, usicheke. Theluji ya kiangazi huliwa na maji kutoka chini. Juu ngumu, ndani shimo. Hakuna mama aliyewauliza wanakanyaga nini.

Kilichomkaba Bulonza ni kimoja: Aloisi ndiye aliyemfundisha Birindwa. Précieuse akijua, atamtazama tena kwa jicho gani? Kambi ya wakimbizi, wao wawili walikuwa wakila sufuria moja.

Walisimama Columbus, katikati ya safari, ambako Mama Nshombo wa kanisani alikuwa amewapikia bugali na samaki. Aliwasimamia kama askari.

"Kuleni, wamama. Sahani zisirudi na kitu."

"Kula, dada," Bulonza alisema.

"Kula wewe kwanza," Précieuse akajibu. Akamtolea samaki miiba, akamwekea minofu kwenye sahani, kama unavyomfanyia mtoto.

Bulonza alimeza. Hakusikia chumvi. Ananihurumia mimi, aliwaza, na hajui.

Gasore hakula. Alisema anaangalia upepo wa magurudumu, akakaa nje mpaka walipomaliza.

Buffalo, magari yalikuwa yamejaa barabara yote. Watu walisimama uani, wanaume wamevua kofia. Précieuse hakushtuka. Bulonza akamshika mkono kwa nguvu, asije akaanguka. Précieuse naye akampitishia mkono kiunoni, akambana.

Mlangoni Bulonza akachomoa kitenge cheusi, amfunike mwenzake mabegani. Précieuse alikuwa ameshakunjua chake, cheusi pia, anamnyooshea yeye.

Sebuleni viti vyote vilikuwa vimetolewa. Chini palitandikwa magodoro mawili.